A Memory of Light: ahadi zimetimizwa, kurasa zimekosekana

Onyo: humu siri zote zimetobolewa, anayekufa na anayebaki. Kama bado uko katikati ya mfululizo, ruka hadi penye maelezo ya namna ya kusoma na matoleo, karibu na mwisho.

A Memory of Light ni kitabu cha 14 na cha mwisho cha The Wheel of Time, mfululizo wa riwaya za fantasia. Ukiwauliza waliomaliza mfululizo huo mwisho wake ukoje, utapata majibu mawili yanayogombana. Mmoja atakwambia hajawahi kusoma vita vilivyosukwa vizuri namna hii. Mwingine atalalamika kwamba kasoma vitabu 14 halafu kaachwa kwenye mataa. Wote wawili wanasema kweli, na chanzo ni kimoja: mgao wa kurasa. Toleo la jalada gumu lina kurasa 900 na ushei, na sehemu kubwa mno imekwenda vitani. Waliopona vita hivyo wamebakiziwa hitimisho moja tu wagawane.

Kabla ya kuhukumu, kumbuka kimeandikwaje. Robert Jordan, jina lake halisi James Oliver Rigney Jr., mzaliwa wa Charleston, South Carolina, alitoa kitabu cha kwanza Januari 1990. Alifariki Septemba 2007 kwa maradhi ya moyo yaitwayo amiloidosisi, akiwa ametoa vitabu 11 na kile kifupi cha utangulizi. Alijua hatamaliza. Mandhari kadhaa za mwisho aliziandika mwenyewe, nyingine akazisimulia kwa mdomo zikarekodiwa, na akaacha rundo la maelezo. Mjane wake Harriet McDougal, ambaye ndiye aliyekuwa mhariri wake, akamkabidhi kazi Brandon Sanderson. Jordan alikuwa ameshikilia kwamba kimebaki kitabu kimoja tu, kiwe kinene kiasi gani. Vikatoka vitatu: The Gathering Storm mwaka 2009, Towers of Midnight mwaka 2010, na hiki Januari 2013.

Kwa hiyo mikono miwili inaonekana, na msomaji aliyezoea wa kwanza atamtambua wa pili bila kuambiwa. Jordan alikuwa na subira ya kueleza mshono wa gauni na harufu ya jiko. Sanderson anakimbia, sentensi zake fupi, na wahusika wake husema wazi kile ambacho wale wa Jordan wangekificha. Mwenyewe amekiri kwamba hakumpatia Mat, mcheza kamari aliye mmoja wa wahusika wakuu, katika kitabu cha 12. Katika hiki cha 14 Mat amekaa vizuri zaidi, ingawa utani wake bado unajieleza kupita kiasi. Androl, yule Asha'man (mwanamume mchawi) dhaifu anayefungua malango ya kusafiria kuliko mtu yeyote, ni chaguo la Sanderson mwenyewe, na sehemu za Black Tower, ngome ya Asha'man, ndizo anazoonekana kuzifurahia kuliko zote. Lango dogo linalofunguliwa ndani ya mlima wa moto na kumimina uji wa mawe juu ya adui ni wazo ambalo Jordan pengine asingelipata. Ni zuri. Kasoro yake ni kwamba Androl na Pevara, mmoja wa wanawake wachawi waitwao Aes Sedai, wamepewa nafasi ambayo watu wa tangu kitabu cha kwanza wangeihitaji.

Kitabu kina dibaji ndefu, sura 49 na hitimisho. Sura za mwanzo zinakwenda kwenye mkutano wa Merrilor: Rand, shujaa wa unabii, anataka kuvunja mihuri ya gereza la Shai'tan, bwana wa giza; Egwene, mkuu wa Aes Sedai, anakataa, na watawala wanasita kutia saini mkataba wa amani ambao Rand ameufanya sharti la yeye kwenda kufa. Hapo ndipo anapotokea Moiraine, Aes Sedai aliyewatoa kijijini kwao, anawasomea wote wawili vifungu vya unabii, na ubishi uliojengwa tangu kitabu kilichopita unakwisha kwa kurasa chache. Wapo waliodai ni rahisi mno. Sidhani. Rand na Egwene walikuwa wameacha kusikilizana zamani, na mtu pekee ambaye wote wawili walikua wakimwogopa ndiye angeweza kuwanyamazisha. Linaloudhi ni linalofuata: baada ya mkutano Moiraine anaingia pangoni na Rand, na kuanzia hapo hana la kufanya kwa mamia ya kurasa isipokuwa kusimama. Mat alitoa jicho lake kumkomboa, tukitegemea malipo makubwa kuliko hayo.

Baada ya Merrilor vita vinagawanyika pande nne, kila upande na jemadari wake. Elayne yuko na Davram Bashere kuanzia Caemlyn. Egwene yuko Kandor na Gareth Bryne. Lan yuko Tarwin's Gap na Agelmar. Rodel Ituralde analinda bonde la Thakan'dar, chini ya mlima ambao Rand ameingia. Ndani ya pango muda unakwenda polepole: siku nzima ya mapigano nje ni dakika chache kwake. Ndiyo maana mandhari za Rand ni fupi na zimetawanyika, na ndiyo maana ukizisoma haraka haraka utadhani zimesahauliwa.

Sasa tuje kwenye ufundi bora kuliko wote humu, ambao haupigiwi kelele za kutosha. Graendal, mmoja wa watumishi wakuu wa Shai'tan, anawaingilia wale majemadari wanne usingizini. Hawageuzi wasaliti. Anawapotosha kidogo tu: kikosi cha akiba kinawekwa mahali ambapo hakitawahi kufika kwa wakati, ubavu mmoja unaachwa wazi kwa sababu inayosikika ya busara, taarifa ya wapelelezi inachelewa. Kila amri ukiitazama peke yake ina mantiki, na ukizijumlisha ni kujinyonga. Lan ndiye anayeanza kunusa kitu kwa Agelmar, na anapomwonyesha makosa yake yule mzee anataka kujiua kwa aibu. Ukirudia kusoma, fuatilia maagizo ya Bashere kwenye safari ya kuelekea Cairhien. Kosa limewekwa hadharani na msomaji alipita juu yake, kwa kuwa vitabu kadhaa vilikuwa vimemfundisha kwamba Bashere hakosei. Hapo ndipo inapoeleweka kwa nini amri ya majeshi yote inamwangukia Mat: ana kumbukumbu za makamanda waliokufa kichwani, na ana ile medali ya kichwa cha mbweha inayomkinga na Nguvu, yaani uchawi wa ulimwengu huu. Tangu kitabu cha 4 amekuwa akibeba vitu hivyo viwili kama mzigo. Hapa ndipo vinapofanya kazi vyote kwa pamoja.

Kisha inakuja sura ya 37. Ina maneno takriban 79,000. Sura moja, ndiyo, yenye urefu wa riwaya nzima ya kawaida. Inaruka kutoka kwa mtu hadi mtu, mara ukurasa mmoja mmoja, mara aya tatu, na haina mahali pa kuweka alama na kwenda kulala. Ni makusudi bila shaka, na inafanikiwa: katikati ya sura unaanza kuhisi uchovu wa askari asiyejua upande wa pili wa kilima kuna nini. Lakini wengi wanapotea humo, na kosa si lao. Mwandishi anataja mto Mora, vilele vya Polov, mwamba wa Dashar, kivuko cha Hawal na vinamasi vyake, kisha anasogeza majeshi kati ya hivyo vyote kana kwamba una ramani ukutani. Dawa yake ni karatasi na penseli. Mara uwanja wa Merrilor unapoanza kuelezwa, chora mto, kilima, mwamba na kivuko, halafu andika nani anashika wapi. Utaelewa kwa nini Mat anaonekana kuacha kilima kichukuliwe, kwa nini maji ya mto yanakauka ghafla, na kwa nini yanaporudi ghafla vilevile ni kilele cha mpango wake. Waliorudisha maji ni wanakijiji wa Hinderstap, wale wa kitabu cha 12 wanaouana kila usiku na kuamka wazima asubuhi. Watu wasioweza kubaki wamekufa: nani mwingine ungemtuma nyuma ya mistari ya adui? Kile kituko cha kutisha kilichoonekana kama kipande kilichookotwa barabarani kimegeuka kuwa kiungo.

Demandred ndiye anayeongoza upande wa giza hapo, na jeshi lake la Washara. Wasomaji wa siku nyingi walikuwa wakibishana alikojificha tangu kitabu cha 6, na jibu linamwangukia mtu kichwani bila maandalizi ya kutosha. Maandalizi yapo, ila yaliandikwa yakakatwa. Sehemu inayosimulia Demandred akiwa Shara ilitolewa kitabuni na ikachapishwa kando mwaka 2013 kwa jina River of Souls, katika mkusanyiko wa hadithi uitwao Unfettered. Isome baada ya Washara kuvamia Kandor, si kabla, ili mshtuko ubaki. Ukishaisoma utaona kwa nini ilikatwa: ni simulizi la nchi nyingine kabisa, na lingesimamisha kila kitu. Utaona pia kwamba bila hiyo Demandred anabaki mtu anayepiga kelele za kumtaka Rand kutoka juu ya kilima.

Watu watatu wanamwendea kwa upanga. Gawyn, mume wa Egwene na Warder wake (mlinzi aliyefungamanishwa naye kwa Nguvu), anavaa pete tatu za damu za Seanchan, dola ya ng'ambo ya bahari, zinazompa wepesi na kumla uhai kwa wakati mmoja, na anakufa. Galad anafuata na nakala ya medali ya mbweha, anapoteza mkono. Wa tatu ni Lan. Anachofanya Lan kimefundishwa tangu kitabu cha 2, alipomweleza Rand kwamba lipo pigo ambalo unalipokea makusudi mwilini ili na wako ufike. Hakuna aliyekisoma kitabu cha 2 kwa makini atakayeshangazwa na pigo lenyewe. Kinachosisimua ni kulitambua nusu sekunde kabla halijatua. Ukitaka kumweleza mtu kwa nini mfululizo mrefu una raha ambayo kitabu kimoja hakiwezi kuitoa, mpe mandhari hiyo.

Egwene naye amepewa kifo kinachomstahili. Taim, Asha'man aliyejiunga na Shai'tan, anatumia moto wa balefire, ambao haumwui tu mtu bali unafuta hata alichokifanya muda mfupi kabla, na kila ukitumika ulimwengu wenyewe unapasuka nyufa nyeusi. Egwene ametoka kumpoteza Gawyn, na kila msomaji anajua uchungu wa Aes Sedai anayefiwa na Warder wake. Anajifungamanisha na Leilwin ili aweze tu kusimama. Kisha anavumbua kinyume cha balefire, Mwali wa Tar Valon, unaoziba zile nyufa, anavuta Nguvu kupita kipimo, na kinachobaki ni nguzo ya fuwele. Sababu iko wazi, maandalizi yapo, gharama imelipwa. Halafu sauti yake inamfikia Rand pangoni na kumwambia awaachie wafu wafe kwa hiari yao. Hapo ndipo Rand anapoacha kuwahesabu wanawake waliokufa kwa ajili yake, tabia iliyomtesa yeye na kutuchosha sisi kwa vitabu vingi.

Mapambano ya Rand na Shai'tan si ya upanga. Wanaonyeshana ulimwengu unaoweza kuwepo. Wa kwanza wa Shai'tan ni jangwa la moto na majivu, ambao hata mtoto angeutabiri. Wa pili ni mbaya zaidi kwa sababu ni wa kawaida: mji unaofanya biashara, watu wamevaa vizuri, ila hakuna mwenye dhamiri, na hakuna anayejua kwamba imepotea. Rand anajibu kwa kujenga ulimwengu usio na Shai'tan kabisa. Una amani. Elayne yumo, anatabasamu, na machoni mwake hamna mtu. Ukimwondolea binadamu uwezo wa kuchagua uovu, umeondoa chochote kilichokuwa kinachagua. Kwa hiyo Rand, aliyeingia pangoni akikusudia kumwua adui, anaishia kumfungia tena. Waliosoma wakisubiri kuona Shai'tan akichinjwa walivunjika moyo. Jibu hili lakini ndilo pekee linalolingana na jina la mfululizo: gurudumu haliwezi kuzunguka kama upande mmoja umeng'olewa.

Namna ya kumfungia nayo ni hesabu safi. Callandor, upanga wa kichawi wa Rand, ina kasoro inayomfanya anayeishika aweze kutekwa na wengine wawili, na kasoro hiyo ilihangaikiwa tangu zamani kama hatari. Inageuzwa mtego. Moridin, mtumishi mkuu kuliko wote wa Shai'tan, anaunyakua upanga, anavuta ile nguvu ya Shai'tan mwenyewe, na mara Moiraine na Nynaeve, ambaye naye yumo pangoni, wanamshika kupitia kasoro ileile. Rand anapata aina tatu za nguvu mkononi mwake, na ile ya tatu inazikinga nyingine mbili zisichafuliwe kama zilivyochafuliwa miaka elfu tatu iliyopita. Alanna, Aes Sedai aliyefungamana na Rand, amelazwa hapo karibu akiwa amechomwa kisu, ili kifo chake kimtie Rand wazimu kupitia kifungo cha Warder. Nynaeve hawezi kutumia Nguvu wakati huo. Anatumia sindano, uzi na mitishamba, yaani kazi yake ya zamani kijijini ambayo Aes Sedai waliidharau, hadi Alanna anapata fahamu za kutosha kumfungua Rand kabla ya kukata roho. Ni mistari michache, na imetimiza ahadi ya vitabu vyote.

Sasa malalamiko, maana yapo na ni halali.

Padan Fain amefuatilia watu hawa tangu kitabu cha kwanza, akakua kutoka mchuuzi hadi jinamizi lisilo na mfano. Anajitokeza mwishoni kabisa, na Mat anamwua kwa kisu ndani ya kurasa chache. Mantiki ipo: Mat aliwahi kuugua kutokana na jambia la Shadar Logoth, mji uliolaaniwa, na ugonjwa ukishakupita haukurudii. Tatizo ni ujazo. Kitu kilichochemshwa kwa miaka 23 kimepakuliwa kwa kijiko cha chai. Rhuarc, mkuu wa Aiel (watu wa jangwani) aliyekuwa nasi karibu tangu mwanzo, anatekwa akili na Graendal na kuuawa na Aviendha, naye wa Aiel, kwa mistari isiyojaza ukurasa, na hakuna anayemtaja tena. Siuan, Bryne, Bashere na mkewe: hivyo hivyo. Vita ni vita, watu hufa bila hotuba, hilo linakubalika. Lakini vikiisha, waliobaki huweka matanga. Humu matanga hayapo. Egwene hana mazishi. Tam, baba yake Rand, anawasha kuni za kuchomea maiti ya mwanawe, na mwanawe yuko hai anajiondokea kwa farasi, na hatuonyeshwi kama baba atakuja kuambiwa.

Perrin, rafiki wa Rand tangu kijijini, analala kwa sehemu kubwa ya Vita vya Mwisho. Kweli analala, ana majeraha, na sehemu yake kuu ni kuwindana na muuaji aitwaye Slayer katika ulimwengu wa ndoto. Windano lenyewe limeandikwa vizuri, ila limefanana mno na lile la kitabu cha 13.

Suala la Seanchan na wanawake wenye Nguvu wanaofungwa minyororo, yaani damane, nalo limeachwa wazi kwa namna inayokera. Hapa sababu inajulikana: Jordan alikusudia vitabu vitatu vingine kuhusu Mat na mkewe Tuon wa Seanchan, hakuviandika, na Sanderson alikataa kuviandika. Deni hilo halitalipwa. Afadhali ulijue kabla ya kuanza.

Hitimisho lenyewe kwa sehemu kubwa ni maneno ya Jordan, na mwendo unabadilika mara moja: unapungua, unatulia, unaacha mambo bila kuyafafanua. Maono ya Min, mwanamke anayeona yatakayotokea, ya kitabu cha kwanza, sura ya 15, yalimwonyesha wanawake watatu wamesimama juu ya jeneza la Rand. Wako hapo, wapenzi wake wote watatu, na hawalii, na Cadsuane, Aes Sedai mzee, analiona hilo. Maono mengine, ya kitabu cha 9, yalisema Alivia, damane aliyeachiliwa, atamsaidia Rand kufa. Watu walibuni kila aina ya mauaji. Alichofanya Alivia ni kumwachia nguo, pesa na farasi ili "maiti" iweze kuondoka. Kubadilishana mwili na Moridin kunaweza kuonekana kama kiini macho mpaka ukumbuke Shadar Logoth mwishoni mwa kitabu cha 7, ambapo mioto yao ya balefire iligusana, na tangu siku hiyo maumivu ya mmoja yakawa yanamfikia mwingine.

Na kiko. Rand hawezi tena kutumia Nguvu, anafikiria kiko chake kimewaka, na kinawaka. Hakuna maelezo. Usiyatafute: Jordan aliliacha hivyo, na kila nadharia inayozunguka ni kubahatisha. Katika mwisho mzima hilo ndilo fumbo lisilofumbuliwa linalopendeza.

Namna ya kusoma. Kama umetoka kwenye tamthilia ya Amazon, iliyoanza 2021 na kusitishwa 2025 baada ya misimu mitatu, usijaribu kuendelea ulipoishia. Anza kitabu cha kwanza, kwa sababu tamthilia ilibadilisha mengi na mwisho huu unadai vitu ambavyo haikuvionyesha. Kama ulikwama kwenye vitabu vya 8 hadi 10, kama wengi walivyokwama, cha 10 unaweza kukimaliza kwa muhtasari na usipoteze kitu cha maana isipokuwa kukamatwa kwa Egwene. Sura ya mwisho ya kitabu cha 9, usafishaji wa saidin (nusu ya kiume ya Nguvu), usiiruke hata kama umechoka vipi. Cha 11, Knife of Dreams, lazima kisomwe chote. Ndicho cha mwisho cha Jordan peke yake, na humo Rand anapoteza mkono na Mat anapata mke. Kutoka hapo soma 12, 13 na 14 mfululizo bila kuweka kitabu kingine katikati, maana viliandikwa kama kitu kimoja kilichokatwa vipande. Anayeacha miezi kati ya cha 13 na cha 14 hujikuta hajui Caemlyn imevamiwaje, au kwa nini Aviendha anang'ang'ania Aiel waingizwe kwenye mkataba. Jibu la swali la pili liko kwenye maono yake ya Rhuidean katika kitabu cha 13. Yarudie hayo kama hurudii kingine.

Usitegemee wastani wa nyota wa wiki zile za mwanzo. Toleo la kielektroniki lilicheleweshwa hadi Aprili 2013, miezi mitatu baada ya jalada gumu, na wasomaji wengi waliokasirika walikipa nyota moja kabla hawajakifungua. Siku hizi matoleo yote yapo, kwa hiyo chagua kulingana na matumizi. La kielektroniki lina faida kubwa moja: kutafuta jina. Humu kuna mamia ya wahusika, na faharasa iliyo nyuma ya kitabu haitoshi. Jalada laini dogo lina herufi ndogo na unene unaoutesa mgongo wa kitabu, hasa ukikifungua kwa nguvu ili uone maneno ya pembeni mwa mkunjo. Gundi huachia katikati, yaani hapo hapo kwenye sura ya 37. Jalada gumu linadumu, na lina picha ya Michael Whelan ya Rand na Callandor, iliyochorwa baada ya Darrell K. Sweet, mchoraji wa majalada yaliyotangulia, kufariki 2011.

La kusikiliza linachukua karibu saa 42, wasomaji wakiwa Michael Kramer na Kate Reading. Kramer husoma sehemu zinazofuata wanaume, Reading zinazofuata wanawake, na mgawanyo huo unasaidia sana pale mtazamo unapobadilika kila dakika mbili tatu. Sura ya 37 peke yake ni kama saa tisa. Kasoro ni kwamba huwezi kurudi nyuma kirahisi kuhakiki nani yuko ng'ambo gani ya mto, kwa hiyo anayesikiliza akiendesha gari au akipika atakosa mipango ya Mat yote. Ukipenda sauti, sikiliza kitabu chote, kisha sura hiyo isome kwa macho na ile ramani yako ya penseli pembeni.

Nyota nne kati ya tano. Ya tano ingetoka kwa kurasa 50 zaidi baada ya vita, hata kama zingekatwa kwa Androl.